Tramu ya Kyoto

Mji wa Kyoto katika Japani ulikuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1869 mfalme alihamia Tokyo, watu wengi wakamfuata, na mji ukaanza kufifia. Wakuu wake wakaona hakuna budi kutafuta kazi mpya. Wakachimba mfereji wa kuleta maji kutoka ziwa Biwa, ukamalizika mwaka 1890. Maji hayo yakazungusha mitambo ya umeme, na tarehe 1 Februari, 1895, umeme huo ukaendesha tramu, yaani gari lipitalo juu ya reli barabarani. Ilikuwa tramu ya umeme ya kwanza katika Japani yote. Lakini mfereji ulipofungwa ili kung'olewa magugu, magari nayo yalisimama!

Barabara zilikuwa nyembamba, na watu hawakuzoea gari liendalo bila mnyama wa kulivuta. Basi wakaajiriwa wavulana wa kukimbia mbele yake, mchana wakishika bendera na usiku taa, wakipaza sauti ili watu wajitenge. Hiyo haikuwa kazi ya kupewa mtoto, maana aliyejikwaa alikuwa na gari nyuma yake. Baada ya miaka kadhaa ikakomeshwa.

Njia moja ilifika Kitano Tenmangu, mahali pa ibada pa Shinto, dini ya asili ya Wajapani. Hapo huheshimiwa Sugawara no Michizane, mwanachuoni aliyekufa uhamishoni mwaka 903, na wanafunzi humwendea kuomba kabla ya mtihani. Kila tarehe 25 ya mwezi huwapo gulio kubwa, na siku hizo watu walimiminika huko.

Mwaka 1918 mji ulinunua kampuni ya tramu. Reli za Kitano zilibaki na upana wa futi 3 na inchi 6, nyembamba kuliko nyingine za mji, kwa hiyo magari ya kale yaliendelea kupita hapo peke yake. Motokaa zikaongezeka, na mwisho wa Julai, 1961, njia ya Kitano ikafungwa. Zilizosalia zikafungwa mwaka 1978.

Gari moja la njia hiyo liliwekwa katika bustani ya Heian Jingu, mahali pengine pa Shinto, palipojengwa mwaka ule ule wa 1895. Mwaka 2020 Serikali ya Japani ililiandika miongoni mwa mali zake za urithi zenye thamani.