HOTUBA YA KATIBU JUU YA MASHINE YA KUKATAKATA MATAWI

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa wanaushirika, uwanja wa ghala. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani wakashindwa kufika.)



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya mashine yetu. Najua wengi mmechoka na habari ya mashine. Wengine mmekwisha kuipa jina, mnaiita "mgeni wa kula na kulala". Nimelisikia kilabuni kwa masikio yangu, wala sikukasirika. Leo nitasema yote, hata yale ya aibu yangu mwenyewe, kwa sababu mbele yetu kuna shauri la kuukata mdomo wa mashine uwe mfupi, na mtu hawezi kunyoosha mkono juu ya kitu asichokielewa.

Kwanza tukumbushane tuliinunua kwa nini. Kila tukivuna mipaini na miwati, nguzo zinaondoka, mbao zinaondoka, matawi yanabaki. Tunayachoma. Moto huo mnaujua, unavyoruka mpaka na kuingia kwenye miti ya mtu ambaye hakualikwa. Sasa matawi yale yale yakikatwakatwa vipande vidogo na kutandazwa chini ya miparachichi, udongo unashika unyevu wakati wa kiangazi na magugu yanapungua. Matandazo yawe na unene kama upana wa kiganja, yasiguse shina, maana unyevu ukikaa kwenye gome shina linaoza. Tena msiyafukie udongoni yakiwa mabichi. Yakioza humo ndani yanakula naitrojeni ambayo mti unaitaka, halafu mnakuja kuniuliza mbona majani ya mche yamekuwa ya njano. Yakae juu tu.

Haya, mashine ilikuja. Ni ya mtumba kutoka Ulaya, haina injini yake, inazungushwa na trekta. Kitabu chake ni cha Kijerumani. Mimi kusoma kwenyewe nilikupata darasa la watu wazima, nikiwa na watoto wawili tayari, sasa Kijerumani ningekijulia wapi? Lakini namba ni namba kwa kila lugha, na picha ni picha. Kuna picha moja ya mtu anavutwa mkono na shafti, imepigwa msalaba mwekundu. Hiyo haihitaji mwalimu.

Namba ya kwanza ni 540. Maana yake, ile shafti fupi inayotoka nyuma ya trekta, ambayo madereva wanaiita pitio, izunguke mara 540 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60: ni mara tisa kwa sekunde. Yaani mtu kabla hajamaliza kusema "mama yangu!" shafti imekwisha zunguka mara tisa. Nilichukua uzi nikazungusha penye krosi, pale pana, nikapata kama sentimita 30. Mara tisa ni mita 2 na sentimita 70. Kanga nzima inaliwa kabla sekunde haijaisha, na mwenye kanga yumo ndani yake. Kwa hiyo ile kinga ya plastiki juu ya shafti siyo pambo, na vile vicheni vyake viwili vifungwe ili plastiki isimame wakati chuma kinazunguka ndani. Aliyeondoa kicheni kimoja akafungie mbwa, namwomba akirudishe bila maneno.

Ile shafti ndefu ya kuunganisha ilikuwa ndefu kuliko trekta letu. Hapo kurekebisha ni halali, na kitabu chenyewe kinaonyesha kwa picha. Tuliipandisha mashine kwa mikono ya nyuma ya trekta, tukaishusha, tukapima pale ambapo umbali ni mfupi kabisa. Bomba la ndani na la nje yasifike mahali pa kugongana, la sivyo chuma kinasukuma beringi za trekta mpaka zife. Tena yasiwe mafupi mno: yakiwa kazini, theluthi moja ya urefu wake ibaki imeingiliana, au zaidi. Fundi wetu alikata sentimita 12 bomba la nje, 12 la ndani, na plastiki zote mbili vivyo hivyo, akapiga tupa kuondoa ncha kali, akatia grisi. Kazi safi. Aliharibu msumeno mmoja tu.

Sasa kuna ndugu mmoja, simtaji, alileta wazo tukaazime trekta la jirani kwa sababu lina kasi mbili, 540 na 1000. Akasema kwa 1000 kazi itakwisha nusu ya muda. Jamani! Shafti ya 540 ina meno sita manene, ya 1000 ya unene huo huo ina meno 21 membamba. Walizitofautisha makusudi ili mtu asichomeke kwa makosa. Madukani kipo kipande cha kuunganisha meno sita na 21, lakini kipande hicho kinaunganisha meno tu, hakipunguzi kasi. Na nguvu inayotaka kukirusha kisu nje haiongezeki mara mbili kasi ikikaribia mara mbili, inaongezeka zaidi ya mara tatu. Mwalimu wa shule alinihesabia ubaoni. Kisu kimoja kina uzito wa karibu kilo mbili. Kikichomoka kwa kasi hiyo, sijui nani atakwenda kukiokota.

Nakuja kwenye bolti, na hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Kwenye shafti kuna bolti moja ambayo kazi yake ni kukatika. Ndiyo, imewekwa ili ikatike. Mti mgumu ukikwama, bolti inakatika, mashine inapona. Juu ya kichwa chake pameandikwa 8.8. Zipo za 10.9 na 12.9, ambazo ni ngumu zaidi. Siku ile ya kwanza kwenye shamba la ushirika, bolti zilikatika tatu kabla ya saa nne asubuhi. Watu wakaanza kucheka. Dereva akaniambia, "Katibu, ninayo ya 12.9, hii haikatiki." Nami nilikuwa nimekwisha kuona aibu mbele ya watu, nikasema tia.

Ni kweli, haikukatika. Saa nane mchana likaingia gogo la muwati mkavu lenye fundo. Mashine ikasimama ghafla, trekta halikusimama, bolti ikakataa kukatika, basi ikakatika krosi. Nusu ya shafti ilibaki kwenye trekta ikawa inajipiga chini kama nyoka aliyekatwa kichwa. Kinga ikapasuka, kipande kikampiga kijana aliyesimama hatua nne, kikamchana goti. Alishonwa nyuzi sita zahanati. Kijana huyo mnamjua, ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Dada yangu mpaka leo akinisalimia anatazama pembeni.

Krosi mpya na shafti vililipwa kutoka mfuko wa mbolea. Mkutano uliopita niliwaambia mbolea ya kukuzia ilichelewa kwa sababu lori liliharibika njiani. Lori liliharibika kweli, lakini kwa siku mbili tu. Wiki nne nyingine ni bolti yangu ile. Mweka Hazina alitaka kusema siku ile, nikamkonyeza asiseme. Mama, mbele ya watu wote, naomba radhi kwako na kwao. Mkitaka kuniuliza zaidi, mtaniuliza baadaye, nitakaa hapa hapa.

Lakini swali lilikuwa lile ambalo mimi sikuliuliza: kwa nini bolti zilikatika tatu? Fundi alifungua akakuta visu vimekuwa butu kama kijiko. Tulikuwa tunaburuta matawi chini mpaka kwenye mashine, yamejaa mchanga, na mchanga unakula kisu kuliko mti wowote. Kisu butu hakikati, kinagonga. Tangu siku ile matawi yanabebwa, hayaburutwi, na yenye udongo yanakung'utwa.

Visu viko vinne. Vinanolewa vyote pamoja, hata kama kimoja tu ndicho chenye pengo, kisha vinapimwa kwenye mizani ya dukani, maana kimoja kikiwa chepesi mashine inatetemeka mpaka beringi zinakufa. Ukitumia grenda nenda taratibu, ngoja kipoe. Chuma kikigeuka rangi ya buluu ugumu wake umeondoka, kitakuwa butu siku hiyo hiyo. Halafu kuna kisu cha tano, kile cha chini kisichozunguka. Nafasi kati yake na vinavyozunguka, kitabu kinasema milimita 1 mpaka 1.5. Kipimo chenyewe hatuna. Fundi alikata vipande vitatu vya bati la geji 28, akavipanga pamoja, vikawa milimita 1.2 hivi, akavifunga kwa uzi. Hicho ndicho kipimo chetu, kinakaa kwenye kopo ofisini, mtoto asikichukue kuchezea. Na kabla ya mtu kutia mkono humo ndani: trekta lizimwe, ufunguo utolewe, shafti ichomolewe, na lile gurudumu zito lisimame kabisa. Ukizima trekta gurudumu bado linazunguka lenyewe muda mrefu, linadanganya.

Basi tumefika kwenye mdomo wa mashine. Wanaotaka ukatwe wana hoja, siwadharau. Wanasema mdomo ni mrefu, matawi yenye panda yanakwama mlangoni, mtu mmoja anahangaika na tawi moja huku wengine kumi wamekaa. Ni kweli, nimeona.

Lakini tuhesabu. Visu vinne, mizunguko 540, ni mikato 2160 kwa dakika, yaani 36 kila sekunde. Kila mkato ukitoa kipande cha unene wa sentimita moja, tawi linaingia sentimita 36 kwa sekunde. Mkono wangu, kutoka bega mpaka ncha za vidole, nimepima una sentimita 74. Sekunde mbili na kitu. Tawi likinasa mkono wa koti lako, hizo ndizo sekunde ulizonazo za kuvua koti. Urefu wa mdomo uliwekwa ili mkono ufike mwisho kabla ya visu kuanza. Mkiukata kwa nusu mita kama mlivyopendekeza, visu vinakuwa ndani ya mkono wa mtu. Mimi karatasi hiyo sitaitia sahihi. Mkipitisha bila mimi, mtafute na katibu mwingine, nasema bila hasira.

Badala yake nimekaa na fundi, tumepata njia mbili. Ya kwanza, tawi lianze kwa kitako, siyo kwa majani, na panda zikatwe kwa panga kabla halijafika kwenye mashine. Wale kumi waliokaa ndiyo kazi yao hiyo. Ya pili, mbele ya mdomo tuweke meza ya mbao ya sentimita 80, yenye bawaba ikunjwe wakati wa safari. Tawi refu linalala mezani, mtu analisukuma kwa tawi jingine, mkono hauingii. Mdomo badala ya kupungua unaongezeka, na kazi inakwenda. Tumejaribu kwa meza ya kuazima kutoka kwa mama ntilie, na matawi ya mkokoteni mmoja yalikwisha kabla chai haijapoa. Meza ilipata makovu, tumemlipa.

Bomba la kutolea vipande nalo tulilibadili, ili vimwagike moja kwa moja kwenye tela. Mara ya kwanza fundi alilipinda kona kali kama bomba la jiko, na majani mabichi ya mpaini yakaliziba mara moja. Sasa amelipinda polepole kwa vipande vitano vilivyochomelewa, halizibi. Anayesimama mbele ya bomba hilo wakati wa kazi, hata akiwa mjumbe wa kamati, atoke.

Ndugu wanaushirika, anayetaka mdomo ukatwe anyooshe mkono sasa, kisha anayetaka meza. Mbao za meza ninazo nyumbani, nazitoa bure. Bolti za 8.8 zipo kumi, ziko kwenye kopo lile lile la kipimo cha bati. Ile ya 12.9 nimeichukua, iko mfukoni mwangu hapa. Ufunguo wa trekta utakaa kwa Mama Mweka Hazina. Jumamosi saa moja asubuhi tunaanzia shamba la bondeni, kila mtu aje na panga. Akina mama watakaokuwa karibu na mashine waje na suruali au gauni la kubana, kanga zibaki nyumbani, na wanaume wenye makoti makubwa vivyo hivyo. Mpwa wangu ameomba yeye ndiye asimame kwenye ufunguo wa kuzimia trekta. Nimekubali, kama mama yake atakubali.