Kompyuta Inapochoka, Tutafute Chanzo Kwanza

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Tinde)



Nimeombwa niseme juu ya jambo linalotusumbua maofisini, na ambalo litawasumbua ninyi vijana kesho: kompyuta mpakato inayokwenda polepole, kisha ikaanza kuzimika yenyewe. Mimi si fundi. Ni mtumishi wa Serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu imepita katika mashine hizi. Nitakayosema nimejifunza kwa kuzitumia na kwa kuwauliza mafundi maswali mengi.

Nchi yetu ina historia ya kuihukumu mashine. Serikali ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wataalamu walikuwa wachache, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Miaka mingi ikapita kabla ya mlango kufunguliwa tena. Sisemi haya ili kuwalaumu wazee wetu, maana fedha za kigeni zilikuwa haba na hasara ilikuwa ya kweli. Nasema kwa sababu somo lake bado ni letu: mashine ikishindwa, swali la kwanza liwe ni kwa nini imeshindwa.

Niwape mfano. Nilihamishiwa ofisi moja nikakuta kilio. Kompyuta iliyotunza orodha ya michango ya maji ya vijiji kadhaa, kazi ya miaka mitatu, ilikuwa imekuwa nzito. Ilipelekwa kwa fundi mjini, naye bila kuuliza kitu akapiga Windows mpya. Ikarudi nyepesi, lakini tupu. Nakala nyingine haikuwapo. Wazee waliokwisha kulipa wakaambiwa walete stakabadhi, na aliyekuwa ameipoteza ya kwake akaonekana mdaiwa. Baada ya wiki mbili kompyuta ile ikawa nzito kama zamani, kwa sababu ugonjwa ulikuwa katika diski, nayo ilikuwa inakufa. Data zilipotea na ugonjwa ukabaki.

Kwa hiyo nawaombeni tufuate utaratibu.

Kwanza, okoeni kazi. Akiba haiozi. Kabla ya kugusa lolote, nakilini mafaili katika diski ya nje au flashi, na yale muhimu yawe mahali pawili. Ikiwa kompyuta ina diski ya zamani, ile inayozunguka, na mnasikia inagonga ko, ko, ko, msiendelee kuizima na kuiwasha. Diski za aina hiyo katika kompyuta mpakato nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ikianza kugonga, kila dakika ya kuizungusha inaweza kuwa ya mwisho. Nakilini yale ya lazima kwanza. Ikikataa, izimeni, mumtafute fundi mwenye ujuzi wa kuokoa data.

Pili, pimeni joto. Sisi watu wa Tinde tunaona malori yanayopita njia panda yetu kwenda Kahama na kuendelea hadi Rwanda na Burundi. Lori likichemka, fundi mwenye akili hakimbilii kubadili injini, anatazama rejeta. Kompyuta nayo ina feni na mapezi madogo ya kutolea joto. Vumbi letu la kiangazi likiziba hapo, moyo wa mashine hujipunguzia kasi ili usiungue, na joto likizidi hujizima. Basi, ikiwa inakwenda vizuri asubuhi na kuzimika saa nane mchana, washukieni vumbi na joto kabla ya virusi. Msiiweke juu ya godoro au mto, maana matundu ya hewa huziba. Kuisafisha, izimeni, chomoeni chaja, zuieni feni isizunguke, kisha ondoeni vumbi kwa brashi laini. Asiyejua kuifungua asiifungue. Asafishe matundu ya nje tu.

Tatu, tazameni umeme. Chaja isiyo ya kwake, au iliyo dhaifu, huweza kuifanya kompyuta ipunguze kasi au izimike. Jaribuni chaja nyingine yenye volti zilezile na nguvu isiyopungua ile iliyoandikwa chini ya mashine. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chomoeni kwanza, mngoje utulie. Na betri ikivimba hata kibodi ikainuka, acheni kuitumia mara moja. Msiitoboe wala kuikandamiza, maana inaweza kuwaka moto.

Nne, iulizeni mashine yenyewe. Katika Windows bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha linaloonyesha ni programu ipi inakula nguvu, kumbukumbu na diski. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta hugeuza diski kuwa msaidizi wake, na diski ya kuzunguka ni msaidizi wa mwendo wa kinyonga. Fungeni programu msizozihitaji, zuieni zile zinazojiwasha zenyewe, mpunguze mafaili ikiwa diski imejaa. Kisha tafuteni virusi, hasa palipo na flashi zinazozunguka mkono kwa mkono.

Tano, mkishapata chanzo, ndipo mtumie fedha. Mara nyingi kuongeza kumbukumbu, au kubadili diski ya kuzunguka kwa ile isiyozunguka, SSD, huipa kompyuta ya zamani maisha mapya kwa bei iliyo chini sana ya bei ya mpya. Kupiga Windows upya kuwe hatua ya mwisho, baada ya nakala kuhakikiwa kwa kuzifungua. Kumbukeni pia kwamba Windows 10 iliacha kupewa huduma za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache. Kwa mashine dhaifu, mfumo wa bure wa Linux ni njia nyingine.

Ndugu zangu, leo ombi la mkopo wa chuo hutumwa kwa kompyuta, na ombi la kazi serikalini vivyo hivyo. Mashine ikifa usiku wa kufunga maombi, anayeumia ni mtoto wa mkulima asiye na mashine ya pili.

Nina pendekezo. Sisi wanafunzi wa zamani tuichangie shule diski za nje mbili, bisibisi ndogo, brashi, na kompyuta chache mbovu kutoka majumbani mwetu. Walimu wakikubali, vijana wazifungue hizo mbovu, wazijue viungo vyake, ili siku moja mzee akileta mashine yenye orodha ya kijiji kizima, kijana wa Tinde amwulize kwanza: "Shikamoo mzee. Nakala ipo?"