Gari juu ya njia ya miguu



Mlituuliza: huko Uingereza, ambako hakuna vizuizi vya wenye silaha, barabara inaweza kumkasirisha mtu? Ndiyo. Dereva anapita kwenye dimbwi bila kupunguza mwendo, anawalowesha wanaongoja basi. Kisheria hilo ni kosa, lakini nani ameshika namba yake? Mwingine anashika simu akiendesha, ingawa faini ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Tangu Januari 2022 kanuni za barabara zinamtaka dereva ampishe anayengoja kuvuka penye mistari myeupe. Wengine hupita wakitazama mbele, kama hawakutuona.

Linalotuumiza zaidi ni gari kuegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu. London walikataza kwa sheria ya 1974, isipokuwa mahali palipoonyeshwa kuwa ni ruhusa. Sisi tunakaa mji mwingine. Mwenzetu mwenye kigari cha mtoto alilazimika kushuka barabarani kati ya malori. Siku ya tatu alitoa ufunguo, akataka kukwaruza rangi ya gari lile. Tulimshika mkono. Si kwamba sisi ni wapole. Tulikwisha kumtukana dereva kwa lugha asiyoijua. Tukaandika karatasi, tukaiweka kwenye kioo: mtoto hupita hapa saa mbili asubuhi.

Kesho yake gari lilikuwa pale pale, ila limesogezwa kidogo. Kigari kikapita.