Vidonge vya Statini Baada ya Kupasuliwa Moyo

Leo nataka kusema na wewe uliyepasuliwa moyo kwa ajili ya mishipa iliyoziba, ukarudi nyumbani na vidonge vya statini, na sasa wavitazama kwa mashaka. (Aliyepasuliwa kwa ajili ya vali, habari yake ni nyingine.)

Yule mpasuaji hakuuondoa ugonjwa. Alitwaa mshipa, mara nyingi wa mguuni, akaushonea moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba. Mshipa huo nao waweza kuziba, maana kolesteroli ingali katika damu. Statini hulizuia ini lisiitengeneze kwa wingi. Nalo ini likipungukiwa huivuta kutoka damuni.

Je, faida yake ni kiasi gani? Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya jaribio la nchi tano za kaskazini ya Ulaya. Wagonjwa wa mishipa ya moyo 4,444 waligawanywa: nusu walipewa simvastatini, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka mitano na zaidi, wasiopewa dawa walikuwa wamekufa 256, waliopewa, 182. Yaani katika kila watu mia, 12 upande mmoja na 8 upande wa pili. Wengi wangalipona hata bila dawa, na wengine walikufa huku wakiimeza. Lakini watu wanne katika mia si haba.

Hasara nazo zipo. Hatari ya kisukari huzidi kidogo, hasa kwa aliyekwisha kukikaribia. Misuli huweza kuuma. Hapo pana jambo la ajabu: mwaka 2020 huko London, watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu, mwezi statini, mwezi kidonge kisicho na dawa, mwezi bila kitu. Sehemu tisa katika kumi za taabu waliyoipata kwa statini waliipata pia kwa kidonge kile kitupu. Sisemi kuwa maumivu yako ni ya uongo; hata wao waliumwa kweli.

Misuli ikiuma sana na kulegea, na mkojo ukawa kama chai ya rangi, usingoje. Nenda hospitali siku ile ile. Ni jambo la nadra, lakini huweza kuharibu figo. Yakiwa ni maumivu madogo, mwambie daktari akupime damu, apunguze kipimo au abadili aina. Usivifiche kabatini kisha akikuuliza ukajibu, "Navimeza, daktari."