Neno la Mwalimu na Hadithi ya Jirani: Kufundisha Visasili vya Kihindu kwa Vijana wa Sekondari

1. Utangulizi



Huenda baadhi yenu mnajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika hadithi za Rama na Ganesha. Jibu langu ni kwamba hadithi hizo zinaposimuliwa madarasani mwetu husimuliwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kina maneno ambayo yamekwisha kutoa hukumu kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, kabla sijawa mhadhiri, nilifundisha kidato cha tatu katika shule moja ya mwambao. Siku moja, katika kipindi cha fasihi simulizi, niliwasimulia wanafunzi kisa cha Ganesha. Nikasema: eti mama alimfinyanga mtoto kwa uchafu wa mwili wake, eti baba akamkata kichwa bila kumjua, eti akapachikwa kichwa cha tembo. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nalo. Palikuwa na msichana mmoja wa Kihindu aliyeketi karibu na dirisha. Hakucheka, wala hakuonyesha hasira. Kipindi kilipokwisha alinijia akasema, “Samahani, mwalimu. Huyo uliyemsimulia, sisi nyumbani ndiye tunayeanza naye kila jambo.” Kisha akaenda zake.

Matukio nilikuwa nimeyasimulia sawasawa. Kosa langu lilikuwa katika neno moja la silabi mbili: eti. Hilo ni neno ambalo msemaji hulitumia ili kujitenga na ukweli wa maneno anayoyaeleza na kumwalika msikilizaji ayadharau pamoja naye. Hoja ya mhadhara huu inatokana na siku ile. Mwalimu anayefundisha visasili vya watu wengine hufundisha kwanza kwa maneno anayoyachagua. Na neno likikosewa, jirani hugeuka kuwa mzaha.

2. Wanachokijua vijana kabla ya kufundishwa

Tunasema kwamba vijana wetu hawazijui hadithi za Kihindu. Ni kweli, lakini haina maana kwamba huja darasani mikono mitupu. Lugha imekwisha kuwapa somo. Wote wanaijua methali isemayo, “Baniani mbaya, kiatu chake dawa.” Baniani ni Mhindu, hususan mfanyabiashara. Methali hiyo inakiri kwamba mtu huyo ana manufaa, lakini ubaya wake imeuchukulia kuwa jambo lisilohitaji ushahidi. Mwalimu asiifiche. Aiandike ubaoni siku ya kwanza, awaulize wanafunzi: nani aliyeitunga, na katika mahusiano gani ya mkopo na deni?

La pili ni mkanganyiko wa Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Miongoni mwa Wahindi wa Afrika Mashariki wamo Waislamu wa jamaa za Khoja na Bohora, wamo Masingasinga, wamo Wajaini na Wakristo wa Goa. Kijana asiyeijua tofauti hiyo atampa jirani yake dini isiyo yake.

La tatu ni kwamba vijana hawa hutamka maneno ya Kihindi kila siku bila kujua. Pesa, laki, gari, hundi na chapati yote yametufikia kutoka Bara Hindi, yakiletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Kutch na Gujarat walikuwapo Unguja tangu zamani. Kampuni ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani katika karne ya 19. Tuliipokea hesabu yao na chakula chao. Hadithi zao tuliziacha mlangoni, isipokuwa chache zilizopenya bila kujulikana, kama nitakavyoeleza.

3. Maneno manne yanayohitaji tahadhari

3.1 Miungu

Jina Mungu huchukua upatanisho wa viumbe hai: Mungu ameumba. Lakini wingi wake, miungu, una umbo la ngeli ya miti na mizigo, na mara nyingi hupatanishwa hivyo hivyo: miungu hii, miungu mingine. Isitoshe, kwa muda mrefu neno hilo limetumika katika mahubiri na mawaidha kwa maana ya vitu vya uongo vinavyoabudiwa. Kwa hiyo mwalimu akisema “Wahindu wana miungu mingi”, sarufi na mimbari kwa pamoja zimekwisha kuwageuza miungu hao kuwa vitu.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, tuwape upatanisho wa viumbe hai: miungu hawa walikutana, wakashauriana. Pili, tuwafundishe vijana neno la Kisanskriti lenyewe, deva, linalohusiana na mzizi wenye maana ya kung’aa. Kisha tuwaeleze kwamba Wahindu wenyewe hawana jibu moja. Katika Rigveda limo wazo kwamba kilicho kimoja huitwa na wenye hekima kwa majina mengi. Na wako wanaomwona Vishnu, au Shiva, au Devi, kuwa ndiye Mkuu wa wote.

3.2 Sanamu

Kwa Kiswahili, sanamu ya askari katika njia panda na sura ya Ganesha hekaluni huitwa kwa neno moja. Kisanskriti huiita hiyo ya pili murti, yaani umbo. Jiwe lililochongwa halijawa mahali pa ibada mpaka ifanyike ibada ya kulitia pumzi, iitwayo prana pratishtha. Na katika sikukuu ya Ganesha, umbo la udongo lililoheshimiwa kwa siku kadhaa huchukuliwa kwa nyimbo hadi majini, likaachwa liyeyuke. Kijana akilielewa tendo hilo hatasema tena kwamba Wahindu wanaudhani udongo kuwa Mungu. Nani angemzamisha Mungu wake baharini huku akiimba?

3.3 Shetani

Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka Sita, ni rakshasa. Walimu wengi humwita shetani, na hapo hadithi huharibika. Shetani, kwa msikilizaji wa Kiswahili, ni muasi aliyelaaniwa, asiye na wema wowote. Lakini Ravana ni mjukuu wa mwenye hekima Pulastya, ni mjuzi wa Veda, na ni mcha Shiva. Kwa kujinyima kwingi alipewa na Brahma ahadi kwamba hatauawa na deva wala na rakshasa. Binadamu hakuwataja, kwa kuwa aliwadharau. Ndiyo maana aliuawa na Rama, aliyezaliwa binadamu. Tena ndugu yake, Vibhishana, ni rakshasa vilevile, naye ni mwadilifu aliyeikataa dhuluma ya nduguye. Je, tutamwita Vibhishana shetani mwema?

Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi: zimwi. Zimwi wa ngano zetu hula watu, lakini pia huishi katika jamii, huoa, hufahamiana na watu. Ndiyo maana wazee wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hata hivyo zimwi wetu hana elimu ya Ravana. Basi tuanze na zimwi kama ngazi, kisha tuwafikishe wanafunzi kwenye neno rakshasa lenyewe.

3.4 Avatara

Neno hili vijana wanalijua kupita walimu wao, kwa sababu ya michezo ya kompyuta na filamu maarufu ya mwaka 2009. Kwao ni picha inayomwakilisha mtu mtandaoni. Waambiwe kwamba ni neno la Kisanskriti lenye maana ya kushuka: Vishnu hushuka duniani mizani ya haki inapoinama. Orodha iliyozoeleka ina mishuko 10, kuanzia samaki Matsya hadi Kalki ambaye bado anangojewa. Tusitafsiri kwa “kuzaliwa upya”, kwani hilo ni jambo jingine linalowahusu viumbe wote. Wala tusikimbilie “umwilisho”, neno la theolojia ya Kikristo linalohusu tukio la mara moja tu. “Mshuko” ni neno la kawaida, na linatosha.

4. Tuanzie wapi?

Mwalimu asianze na kichwa cha tembo, kama nilivyofanya mimi. Aanze na kile ambacho kijana anakimiliki. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja. Humo mna kisa cha kima na papa: papa anamchukua kima mgongoni ili moyo wake uwe dawa ya sultani, naye kima anasema ameuacha moyo mtini. Ndani yake mna kisa cha punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio. Visa hivyo viwili vimo pia, kimoja ndani ya kingine, katika kitabu cha nne cha Panchatantra ya Kisanskriti, isipokuwa kwamba huko mwenye hila ni mamba. Panchatantra ilitafsiriwa kwa Kipahlavi katika karne ya 6, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaigeuza Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Hizo si simulizi za ibada, bali ni hekaya za busara; lakini kijana akigundua kwamba hadithi ya bibi yake ina jamaa upande wa pili wa bahari, mlango umefunguka.

Hatua ya pili ni Manu na samaki. Samaki mdogo anamwomba Manu amlinde dhidi ya samaki wakubwa. Manu anamweka mtungini, kisha shimoni, kisha baharini. Samaki anamtahadharisha juu ya gharika, na chombo cha Manu kinavutwa kwa pembe ya samaki huyo hadi mlima wa kaskazini. Wanafunzi watapaza sauti: Nuhu! Mwalimu asiwazuie, ila awaulize nini kinachotofautiana. Katika masimulizi ya kale ya Shatapatha Brahmana, gharika haielezwi kuwa adhabu ya dhambi, na wokovu unaanza na huruma kwa kiumbe kidogo. Tena samaki huyo hatajwi humo kuwa Vishnu. Hilo lilikuja baadaye katika Purana. Hapo kijana anajifunza kwamba kufanana si kuwa sawa, na kwamba kisasili nacho kina umri.

Hatua ya tatu ndiyo Ramayana, yenye beti zipatazo 24,000 zinazonasibishwa na Valmiki, na iliyosimuliwa upya na washairi wengi, akiwamo Tulsidas aliyeanza utenzi wake kwa lugha ya Kiawadhi mwaka 1574. Hapa vijana hukutana na swali la rika lao. Baba ametoa ahadi kwa mkewe Kaikeyi. Je, mwana aende uhamishoni miaka 14 ili ahadi ya baba isivunjike? Hili ndilo swali la dharma, neno lisilotoshwa na “dini”, wala “wajibu”, wala “haki”, kwa kuwa lina sehemu ya kila moja. Liachwe kama lilivyo, na wanafunzi walijaze wenyewe kwa mifano.

Kuhusu usimulizi, sarufi yetu inatusaidia. Ndani ya hadithi tutumie -ka-: Rama akaondoka, Sita akamfuata. Kwa imani na desturi tutumie hu-: Wahindu huamini, huwasha taa. Kwa njia hiyo mwalimu hasadiki kwa niaba ya mwanafunzi, wala hakanushi. “Eti” na “inadaiwa” tuyaache nje ya darasa. Kuhusu istilahi kisasili, ambayo kwa wengi huashiria uongo, sharti ni moja: itumike kwa maana ya kitaaluma, na kwa mizani ileile kwa masimulizi ya Wahindu, ya Wagikuyu, ya Wayunani na ya wengineo. Mwalimu aongeze kwamba Wahindu wenyewe huiita Ramayana itihasa, yaani “hivi ndivyo ilivyokuwa”.

5. Heshima si kunyamaza

Pengine mtu atasema kwamba ninataka hadithi zipakwe asali. La hasha. Mnamo 2005 na 2006, katika jimbo la California nchini Marekani, yalizuka mabishano makali juu ya maneno ya kuwaeleza Wahindu wa kale katika vitabu vya darasa la sita. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba dini yao inadhalilishwa. Baadhi ya wataalamu wakajibu kwamba marekebisho yaliyoombwa yanaficha matabaka na hali ya wanawake. Kila upande ulikuwa na hofu iliyo na msingi.

Mahabharata yenyewe hainyamazi. Ekalavya, kijana wa jamii ya Nishada, alikataliwa na mwalimu Drona. Akafinyanga umbo la Drona kwa udongo, akajifunza upinde mbele yake mpaka akawapita wanafunzi wa kifalme. Drona alipojua, akadai ada ya mwalimu: kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya akakikata. Someni kisa hicho darasani, halafu nyamazeni. Vijana watauliza wenyewe yanayostahili kuulizwa, kuhusu nasaba, kuhusu haki, na kuhusu walimu. Vivyo hivyo kwa Sita, anayetiwa majaribuni kwa kosa asilolitenda. Wahindu wenyewe wamebishana juu ya mambo hayo kwa karne nyingi. Mwanafunzi anayeuliza anajiunga na mazungumzo yao. Anayecheka hajajiunga na lolote.

6. Hitimisho

Mabibi na mabwana, sijadai kwamba kila shule ifundishe Ramayana. Nimesema kwamba anayeifundisha kwa Kiswahili auchunguze ulimi wake kwanza: aipe miungu uhai wa kisarufi, aitenge murti na sanamu, asimfanye kila rakshasa kuwa shetani, na aanze na kima kabla ya kufika kwa tembo.

Yule msichana hakurudi kunisahihisha tena, nami sikupata ujasiri wa kumwomba radhi mbele ya wenzake, pale pale nilipomkosea. Hilo ni deni. Mhadhara huu ni sehemu ndogo ya malipo yake, na walimu mliomo humu mnaweza kunisaidia kulimaliza.