Rangi ya Choya na Dawa ya Presha

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu chakula, moyo na kisukari



Yapo mazoea ya kuupima uzuri wa kinywaji kwa wekundu wake. Juisi ya choya, ambayo wengine huiita rozela, husifiwa kwamba huongeza damu, na bitiruti hupewa sifa hiyohiyo. Siku hizi imeongezwa sifa nyingine: kwamba choya hutibu presha. Sifa ya kwanza haina msingi katika rangi yenyewe. Ya pili ina ukweli ndani yake, na ukweli huo wa nusu ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa huwafanya baadhi ya wagonjwa waziweke dawa zao kabatini.

Wekundu wa choya hautokani na madini ya chuma. Hutokana na antosianini, rangi ambayo mmea huitengeneza kwa manufaa yake wenyewe, kama vile kujikinga na jua kali. Imo pia katika zambarau, katika ganda la bilinganya na katika vitunguu vyekundu. Wekundu wa bitiruti ni wa jamii nyingine, betalaini. Nayo rangi ya boga, karoti na viazi lishe ni ya karotenoidi.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo au ikikaribia kupanda, na ambao hawakuwa wakitumia dawa. Baadhi yao walikunywa vikombe 3 vya chai ya choya kila siku kwa wiki 6. Wengine walipewa kinywaji cha kufanana nayo. Kipimo cha juu cha presha kilishuka kwa wastani wa 7.2 kwa wanywaji wa choya, na 1.3 kwa wale wengine. Hayo si matokeo ya kudharauliwa. Lakini mgonjwa mwenye kipimo cha juu cha 180 akipunguziwa 7 hubaki na 173, na mishipa ya ubongo na figo huendelea kuumia pasipo maumivu yoyote ya kumwonya. Kiharusi hakingoji mtu ajisikie mgonjwa.

Tena, bilauri ya choya inayouzwa mtaani mara nyingi hujaa sukari. Vijiko vikubwa 3 vya sukari hukaribia gramu 40, ilhali Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku nzima, chai na soda zikiwamo. Kwa mwenye kisukari, kinywaji cha namna hiyo huharibu zaidi ya kinachotengeneza.

Wapo pia wanaonunua rangi za mimea zikiwa vidonge, kwa bei isiyo ndogo. Ufini ilifanya jaribio la wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, baadhi yao wakipewa vidonge vya beta-karotini, rangi ya karoti. Ilitarajiwa kwamba vitawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinyume: waliovimeza walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio jingine la Marekani likasimamishwa Januari 1996 kwa sababu kama hiyo. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba madaktari wanaume wa Marekani zaidi ya 22,000 walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 12 hivi, na beta-karotini haikuwapunguzia maradhi ya moyo. Karoti yenyewe haikushtakiwa. Rangi iliyotengwa na nyuzinyuzi, potasiamu na mengine yaliyomo katika mboga haifanyi kazi ya mboga nzima.

Kwa hiyo kazi iko jikoni, na hapo wapishi wa hapa wana ujuzi wa zamani. Karotenoidi huyeyuka katika mafuta. Mchicha uliotiwa karanga humpa mlaji rangi hizo kuliko mchicha uliochemshwa kwa maji matupu. Nyanya iliyopikwa kwa mafuta kidogo huitoa rangi yake nyekundu, likopeni, kwa urahisi kuliko nyanya mbichi.

Magadi, kwa upande wake, huhadaa macho. Mlenda uliotiwa magadi hubaki kijani cha kupendeza, lakini baadhi ya vitamini huharibika. Na magadi ni sodiamu, jamaa wa chumvi, ambayo hupandisha presha. Anayetaka kuona nguvu ya magadi na atie chembe katika choya: wekundu utageuka kuelekea samawati mbele ya macho yake. Mwenye presha hana budi kuyahesabu magadi pamoja na chumvi, ambayo kikomo chake kwa siku nzima ni gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja.

Anayetumia dawa za presha au kisukari na anapenda choya aendelee na dawa, anywe choya isiyo na sukari, na amweleze mhudumu wa zahanati kiasi anachokunywa ili kiandikwe katika daftari lake. Asiyejua kipimo chake aende apimwe akiwa ametulia, ameketi angalau dakika 5. Kipimo kikifika 140 kwa 90 arudi siku nyingine kupimwa tena, hata kama hajisikii mgonjwa.