Mali ya Pamoja na Mtunzaji Wake: Mafunzo Kutoka Majumba ya Uchina

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya semina ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya utunzaji wa majengo na mali nyingine za vyama vyetu. Mifano yangu nimeitoa katika nchi ya Uchina, na huenda baadhi yenu mkajiuliza mambo hayo yatuhusu nini sisi wenye maghala ya bati na vyumba vichache vya kupangisha kando ya soko. Jibu langu ni kwamba, katika muda wa kizazi kimoja tu, mamilioni ya familia za Uchina zimejikuta zikimiliki kwa pamoja paa, ngazi, lifti na viwanja, na hazikuwa na budi kumtafuta mtu wa kuvitunza kwa niaba yao. Shida walizozipata ni zile zile ninazozikuta mimi katika madaftari yenu.

Jinsi mambo yalivyoanza

Zamani mfanyakazi wa mjini nchini Uchina alipewa nyumba na mahali pake pa kazi, ambapo huitwa danwei. Kiwanda au ofisi ndiyo iliyojenga, ndiyo iliyotoza kodi ndogo mno, na ndiyo iliyomtuma fundi bomba lilipopasuka. Mpangaji hakuwa na hesabu ya kuisimamia. Mwaka 1998 Serikali ya nchi hiyo iliamua kuukomesha ugawaji huo, na tangu hapo watu wa mijini wakawa wakinunua nyumba zao. Ardhi ya mijini yenyewe haiuzwi, kwa kuwa ni mali ya taifa. Mnunuzi hupata haki ya kuitumia kwa miaka 70, na sheria yasema kwamba muda huo ukiisha hurefushwa wenyewe.

Nyumba nyingi za aina hiyo zimo ndani ya maghorofa marefu. Kila familia ina hati ya sehemu yake, lakini paa, ngazi, lifti, mabomba makuu na njia ni vya wote. Kuvitunza ni kazi ya kampuni ya utunzaji wa majumba. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo ilianzishwa katika mji wa Shenzhen mwaka 1981. Kamati ya wenye nyumba, ile inayotajwa kuwa ya kwanza nchini, iliundwa katika mji huo huo mwaka 1991. Angalieni tarehe hizo, ndugu zangu: mtunzaji alitangulia miaka kumi kabla ya wenye mali kupata kikao chao.

Malipo ya mtunzaji

Kampuni hizo hulipwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza wenye nyumba hutoa ada iliyokubaliwa, na mtunzaji hujitegemea: akibakiza fedha ni faida yake, akipungukiwa ni hasara yake. Njia hiyo ni nyepesi kwa hesabu, lakini yampa mtunzaji sababu ya kuchelewesha matengenezo, kwa maana kila shilingi isiyotumika ni yake. Katika njia ya pili mtunzaji hupewa ujira uliopangwa, na fedha nyingine zote hubaki kuwa mali ya wenye nyumba. Yeye huzishika tu kwa niaba yao. Anayefuata njia hiyo hana budi kutangaza makadirio ya mwaka, na kuonyesha mapato na matumizi angalau mara moja kwa mwaka.

Mbali na ada hiyo, upo mfuko wa matengenezo makubwa. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2008, mnunuzi wa nyumba hulipa katika mfuko huo, kwa kila mita ya mraba, kiasi cha asilimia 5 hadi 8 ya gharama ya ujenzi wa mahali hapo. Salio likishuka chini ya asilimia 30 ya kiasi cha kwanza, wenye nyumba hudaiwa kuongeza. Maana yake ni kwamba fedha ya paa hutengwa siku ile ile paa lingali jipya.

Haki za wenye mali

Kanuni ya Sheria za Kiraia ya Uchina, iliyoanza tarehe 1 Januari 2021, imeyaeleza mambo haya vizuri. Mfuko wa matengenezo ni mali ya wenye nyumba, na hesabu yake sharti itangazwe kila baada ya muda. Mapato yatokanayo na sehemu za pamoja, mathalani kukodisha maegesho ya magari au ukuta wa kubandikia matangazo, yakishaondolewa gharama za haki, ni ya wenye nyumba wala si ya kampuni. Kampuni hairuhusiwi kumkatia mtu maji au umeme ili kumshurutisha alipe ada. Wenye nyumba wakitaka kumwondoa mtunzaji, hupiga kura na kumpa taarifa ya maandishi ya siku 60, isipokuwa mkataba ukisema vingine. Naye hana budi kukabidhi majengo na karatasi zote zinazohitajika, na asipofanya hivyo hawezi kudai ada ya siku alizong'ang'ania.

Kuhusu kura, akidi ni thuluthi mbili ya wenye nyumba, kwa hesabu ya watu na kwa hesabu ya eneo wanalomiliki pia. Mambo ya kawaida, ukiwamo utumiaji wa mfuko wa matengenezo, huamuliwa na zaidi ya nusu ya walioshiriki. Mambo mazito, kama kuchangisha fedha mpya za mfuko au kugeuza matumizi ya sehemu za pamoja, yahitaji robo tatu yao.

Sheria hiyo ni nzuri. Hata hivyo mitaa mingi ya nyumba nchini humo haijaunda kamati hata leo, kwa sababu watu wana shughuli zao, majirani hawajuani, na kila mmoja hutumaini kwamba mwenzake atahudhuria. Ni nani kati yetu asiyeyajua hayo? Ni mara ngapi mkutano mkuu umeahirishwa katika vyama vyetu kwa kukosa akidi?

Fedha iliyokuwapo na isiyokuwapo

Sasa nitaje kisa kinachojulikana ulimwenguni kote. Kampuni ya Evergrande, iliyoanzishwa mjini Guangzhou mwaka 1996, ilikuwa miongoni mwa wajenzi wakubwa kabisa wa majumba nchini Uchina. Wajenzi wa huko huuza nyumba kabla hazijajengwa. Sheria ya mwaka 1994 yaamuru kwamba fedha inayopatikana kwa mauzo hayo itumike katika ujenzi wa nyumba hizo hizo. Lakini kampuni hiyo ilikua kwa madeni, hata ikadaiwa zaidi ya dola za Kimarekani bilioni 300, na Desemba 2021 ikashindwa kulipa. Miezi michache baadaye, mwezi Juni 2022, wanunuzi wa nyumba zake ambazo hazijakamilika katika mji wa Jingdezhen walitangaza kwamba hawatalipa mikopo ya benki mpaka ujenzi uendelee, na wanunuzi wa miji mingine mingi, pamoja na wale wa wajenzi wengine, wakawafuata. Tarehe 29 Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni hiyo ifilisiwe.

Ndani ya kisa hicho kimo kingine kidogo, nacho ndicho kilichoninyima usingizi. Evergrande ilikuwa na kampuni tanzu ya utunzaji wa majumba, yenye hesabu zake mbali. Mwezi Machi 2022 ilitangazwa kwamba amana za kampuni hiyo tanzu, kiasi cha yuan bilioni 13.4, zilikuwa zimewekwa benki kama dhamana ya mikopo ya watu wengine, na kwamba benki zimezichukua. Uchunguzi ulionyesha kwamba fedha za mikopo hiyo zilizungushwa zikarudi kwa kampuni mama. Mwezi Julai mwaka huo mkurugenzi mkuu wa Evergrande na mkuu wake wa fedha walijiuzulu.

Nawaomba mlitazame jambo hili kwa macho ya mkaguzi. Fedha ilikuwa benki, na salio lilionekana katika karatasi. Lakini fedha hiyo ilikwisha fungwa kwa deni la mwingine.

Nasema kwamba kisa hiki kilininyima usingizi kwa sababu nami nilipata kukutana na ndugu yake mdogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa na amana ya muda maalumu kwa ajili ya kuezeka upya ghala la pamba. Niliandikia benki, nikapewa barua ya salio, nikalinganisha na daftari, tarakimu zikalingana, nikatia sahihi. Msimu uliofuata bati ziling'olewa na upepo. Kamati ilipokwenda kutoa fedha iliambiwa kwamba amana ile imewekwa dhamana ya mkopo wa lori, na mkopo haujalipwa. Pamba ilinyeshewa, ikashushwa daraja, na wakulima wakalipwa pungufu. Katika mkutano mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Bwana Mkaguzi, si wewe uliyetuambia kwamba fedha ipo? Uliiona?" Nilimjibu kwamba niliiona karatasi. Barua ya benki haikusema uwongo. Mimi ndimi niliyeuliza nusu ya swali.

Habari ya muhuri

Kabla sijamaliza, niseme neno moja kwa makatibu. Nchini Uchina muhuri wa kampuni una nguvu kubwa. Hati iliyogongwa muhuri huifunga kampuni, na uchongaji wa mihuri huandikishwa kwa polisi. Mwezi Aprili 2020, katika ugomvi wa wenye kampuni ya kuuza vitabu ya Dangdang, mwanzilishi mmojawapo, Li Guoqing, aliingia ofisini pamoja na wenzake akaondoka na makumi ya mihuri ya kampuni. Kampuni ikalazimika kutangaza kwamba mihuri hiyo haina nguvu tena. Katika vyama vyetu nimekuta muhuri mfukoni mwa mtu mmoja, pamoja na kitabu cha hundi ambacho karatasi zake zimekwisha kutiwa sahihi. Msistaajabu ya Uchina.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, fedha ya matengenezo ya majengo ikae katika akaunti yake peke yake, isichanganywe na fedha ya kununulia mazao hata kwa siku moja.

Pili, amana ya chama isiwekwe dhamana ya deni lolote isipokuwa kwa azimio la mkutano mkuu, lililoandikwa katika muhtasari pamoja na idadi ya kura.

Tatu, kodi za vyumba, maegesho na ghala zibandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa chama, kwa majina ya wapangaji na kiasi walicholipa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lililofungiwa kabatini halimwambii mwanachama kitu.

Nne, anayeacha kazi akabidhi funguo, mikataba, muhuri na vitabu kwa orodha, mbele ya mashahidi, kabla ya kulipwa haki yake ya mwisho.

Tano, ninyi wanachama mhudhurie. Katibu hawezi kuwalinda na katibu mwenyewe.

Tangu siku ya mzee yule, barua yangu kwa benki ina swali la pili: je, fedha hii imewekwa dhamana, na kama ndivyo, kwa deni la nani? Naomba kila katibu aliyemo humu aiandike barua hiyo kabla ya mkutano mkuu ujao, na jibu la benki lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama.